Mafundo ya Bi Mkubwa

Siku ya kumi na moja baada ya mazishi ya binti yake, mama mmoja wa Paje alishuka pwani kutazama shamba lake la mwani. Alishuka kwa mazoea tu, hakuwa na matumaini. Bamvu, zile siku za maji kujaa na kupwa sana, lilikuwa limeingia akiwa bado amekaa msibani, na mwani hausubiri matanga yaishe: ukipevuka bila kuvunwa hukatika, mawimbi yakauchukua. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, hadi karibu na mwamba, na kusi ilikuwa ikivuma kwa baridi.

Alikuta vigingi vyake vyote vimesimama. Mwani uliopevuka ulikuwa umeshavunwa, na kamba zimefungwa mbegu mpya, kishada kwa kishada, kutoka kigingi hadi kigingi. Aliinama akashika tai-tai ya kwanza, ile kamba ndogo inayofungia mbegu. Fundo halikuwa lake. Yeye hufunga mara mbili akakaza. Lile lilikuwa la kitanzi, linalofunguka ukivuta ncha moja, fundo la wanawake wakubwa walioanza kazi hii tangu ilipoingia Paje na Jambiani mwaka 1989. Akaifuata kamba ya kwanza hadi mwisho, kisha ya pili. Kamba 26, zote za mkono mmoja.

Akakaa kitako majini, kanga na yote, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Hiyo ilikuwa Julai 2014. Mama huyo ni Mkristo, na miaka yote iliyofuata Wakristo wenzake wamekuwa wakimuuliza swali lilelile, wengine kwa huruma, wengine kwa kuwa nao wana donda lao: kwa nini Mungu mwema, mwenye uwezo wote, huacha watu wateseke? Wanatarajia mstari wa Maandiko. Yeye huanza na yale mafundo. Amekubali kisa chake kisimuliwe, ila jina lake lisiandikwe, wala la mwanawe, wala la jirani yake.

Alizaliwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Masasi, kusini mwa Tanzania, kwenye ukoo wa Waanglikana ambao hakuna anayekumbuka ulianza lini kwenda kanisani. Mumewe ni fundi seremala. Mwaka 2007 mume alifuata kazi Unguja, kwenye pwani ya kusini mashariki ambako hoteli zilikuwa zikijengwa moja baada ya nyingine, na mama akamfuata na begi moja na sufuria mbili. Paje wenyeji karibu wote ni Waislamu. Wakristo ni watu wa Bara: wapishi, walinzi, wahudumu, mafundi. Jumapili jioni, wale ambao zamu iliwaruhusu walikutana kusali sebuleni kwa mmoja wao, wakiimba kwa sauti ya chini ili wasiwasumbue majirani.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa mjane aliyezaliwa palepale. Kijiji kizima kilimwita Bi Mkubwa, na mama naye akamwita hivyo. Ndiye aliyemfundisha mwani: kuutazama mwezi ili ajue bamvu na maji mafu, kuchagua mbegu changa, kutofautisha spinosam na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo inayokufa kwanza maji yakipata joto. Hugeuka nyeupe, ikalainika, ikadondoka. Visiwani humu watu zaidi ya 20,000 wamewahi kuishi kwa kilimo hiki, wengi wao wanawake, na wengi wao wamewahi kusimama mbele ya shamba lililooza bila kujua walikosea nini.

Mwaka 2013 ulikuwa na hofu. Novemba ya mwaka uliotangulia Sheikh Fadhil Soraga alikuwa amemwagiwa tindikali mjini. Tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi alipigwa risasi akafa, asubuhi ya Jumapili, akienda kuongoza misa Mtoni. Kikundi cha Paje kiliacha kukutana. Jumapili ya tatu Bi Mkubwa alibisha hodi akamkuta mama amekaa na kitabu cha nyimbo mapajani. "Leo husali, mwanangu?" Mama akasema anaogopa. Bi Mkubwa akajitanda ushungi, akamsindikiza hadi kwenye ile nyumba, akakaa barazani na tasbihi yake mpaka ibada ikaisha. Alifanya hivyo Jumapili nne.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na meli.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama baharini upande wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Idi ilikuwa imepita siku kumi tu. Uwezo wake wa abiria haukufika 700. Tume ya uchunguzi ilihitimisha kwamba ilibeba watu zaidi ya 2,000, mbali na mizigo, na kwamba waliokufa na waliopotea walizidi 1,500. Mmoja wa waliopotea alikuwa mtoto wa dada yake Bi Mkubwa, kijana wa miaka 19. Mwili wake haukuonekana.

Mama alikwenda kutoa pole. Alikaa mkekani, akamshika Bi Mkubwa mkono, akasema maneno ambayo mtu yeyote wa nchi hizi, Mkristo au Mwislamu, ameshayasema au ameshaambiwa: kazi ya Mungu haina makosa. Bi Mkubwa akaitikia kwa kichwa. Mama akarudi nyumbani akiamini ametimiza wajibu wa jirani.

Binti yake wakati huo alikuwa na miaka mitatu, na alikuwa mgonjwa tayari.

Dalili ya kwanza ilitokea akiwa na miezi minane. Vidole vya mikono na miguu vilivimba kama vilivyoumwa na nyuki, mtoto akawa analia kila anapobebwa. Alipewa dawa ya homa, kisha dawa ya homa tena. Ilipita zaidi ya mwaka kabla ya kipimo kutaja jina la maradhi: seli mundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Daktari aliyetoa majibu alichukua kalamu akachora nyuma ya karatasi. Seli nzima, duara, kama andazi. Kando yake nyingine, nyembamba na iliyopinda, kama mundu wa kuvunia mpunga. Hizi zilizopinda, akasema, hukwama kwenye mishipa midogo, na pale zinapokwama ndipo mtoto anapolia.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na maradhi haya. Kinachoyaleta ni badiliko dogo mno, herufi moja tu katika maelekezo ambayo mwili hufuata kutengeneza damu. Mtu akirithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja huwa mzima, anaweza kulima na kuzaa bila kujua kwamba analo. Akilirithi kwa wazazi wote wawili huumwa. Baba na mama wenye nakala mojamoja, kila mimba uwezekano wa mtoto kuumwa ni 1 kati ya 4. Mama na mumewe walitazamana pale mbele ya daktari, watu wawili wenye afya, kila mmoja akiwa amempa mwanawe nusu ya ugonjwa.

Kuna jambo jingine, ambalo mama alilielewa miaka kadhaa baadaye na lilimkosesha usingizi. Nakala moja ya badiliko hilo humkinga mtu na malaria kali. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliandika mwaka 1954 juu ya uhusiano huo baada ya uchunguzi wake wa Afrika Mashariki. Ndiyo maana badiliko hili limeenea sana katika nchi za mbu. Kule kusini, vizazi kwa vizazi, watoto walikufa kwa homa na waliokuwa na ile nakala moja wakabaki. Huenda mama mwenyewe yupo duniani kwa sababu bibi fulani wa zamani alikuwa nayo. Na Unguja ya leo malaria imepungua mno, kwa dawa, vyandarua na kazi ya miaka mingi, hata ile kinga haina tena mengi ya kufanya. Imebaki ikiwapiga watoto.

Nani alitenda dhambi hapo? Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali hilohilo walipokutana na mtu aliyezaliwa kipofu, katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana: ni yeye, au wazazi wake? Yesu alikataa yote mawili. Alikataa pia, katika Injili ya Luka, kwamba wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wabaya kuliko wenzao wa Yerusalemu. Ni ajabu jinsi makanisa yanavyozisoma sura hizo, kisha mtoto akiugua watu wakaanza kuchungulia maisha ya mama yake.

Kwa maana walichungulia. Mhubiri mmoja mgeni aliyepita Paje aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akaomba kwa nguvu, na maumivu yaliporudi wiki iliyofuata akatuma ujumbe kwamba nyumba ile ina upungufu wa imani. Ndugu wa kijijini walipiga simu wakataja mkono wa mtu. Mama mwenyewe alifunga siku 21, akapungua hadi mumewe akamsihi ale. Anakumbuka kwamba katika siku hizo hakuwa akimwomba Mungu hasa. Alikuwa akitafuta kosa lake, kama mtu anayepekua nyumba nzima akitafuta pesa ambazo hakuwahi kuwa nazo.

Baridi, kiu na homa huamsha maumivu ya seli mundu, na Julai pwani ya mashariki upepo haupumziki. Usiku wa mwisho nyumbani mtoto aliomba asuguliwe miguu kwa mafuta ya nazi, kama walivyozoea. "Na hapa, mama. Na hapa." Kila mama alipohamisha mkono, maumivu yalikuwa yameshahamia kwingine. Alfajiri mume alipata gari. Siku mbili baadaye, hospitalini, mtoto aliyekuwa anajua kuhesabu hadi 100 na kuogopa kaa alikufa akiwa na miaka sita.

Alizikwa mjini, kwenye makaburi ya Wakristo, kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kumsafirisha hadi Masasi.

Msibani maneno yalikuja kwa wingi. Mungu amempenda zaidi. Mungu alihitaji ua bustanini mwake. Mungu anakupima kwa sababu anajua una nguvu. Mtu mmoja alikumbusha lile neno la Ayubu kuhusu Bwana anayetoa na kutwaa, na wote wakaitikia amina. Kila neno lilisemwa kwa upendo, na kila neno lilimsukuma mama hatua moja nyuma, mpaka akajiona yuko upande mmoja peke yake na watu wote, pamoja na Mungu wao, wako upande wa pili wakikubaliana.

Ayubu amefanyiwa dhuluma na wanaomnukuu. Neno lile amelisema katika sura ya kwanza. Kuanzia sura ya tatu anailaani siku aliyozaliwa, anadai hati ya mashtaka yake, anamwambia Mungu usoni kwamba hakutendewa haki, na anaendelea hivyo sura baada ya sura. Rafiki zake watatu ndio wenye maelezo: umekosa, watoto wako wamekosa, tubu. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao wenye maelezo na kusema kwamba aliyenena vizuri ni yule mlalamikaji. Na kabla hawajaanza kueleza, rafiki hao walifanya jambo moja jema kuliko yote waliyoyasema baadaye: walikaa chini mavumbini pamoja naye, siku saba usiku na mchana, hakuna aliyefungua kinywa.

Jioni ya siku ile ya mafundo, mama alikwenda kwa Bi Mkubwa. Alimkuta anapepeta mchele uani. Mwani uliovunwa ulikuwa umeanikwa juu ya makuti upande wa kivuli cha mnazi, umegawanywa kwenye mafungu mawili. "Lile lako," Bi Mkubwa akasema bila kuinua macho. "Hili langu."

Mama alitaka kushukuru. Kilichotoka ni swali. Kwa nini mtoto? Wewe umeishi zaidi yangu, unamjua Mungu, unasali kila siku mara tano. Kwa nini?

Bi Mkubwa aliweka ungo chini. "Mie sijui, mwanangu."

Walikaa. Kuku walikuja kudonoa chenga. Kisha, taratibu, kama mtu anayetoa kitu alichokihifadhi sandukuni muda mrefu, Bi Mkubwa akamwambia kwamba siku ile ya msiba wa meli alilimeza neno la kazi ya Mungu kwa heshima ya jirani, lakini halikushuka. Kadari anaiamini, ni dini yake, na atakufa akiiamini. "Ila chombo kilijazwa, mwanangu. Watu walikiona kimejaa na wakazidi kupakia. Mungu hakukijaza."

Mama anasema sentensi hiyo ilimfungua kuliko mahubiri yote aliyowahi kuyasikia, na ilitoka kwa Mwislamu ambaye hajawahi kufungua Injili. Kwa sababu sehemu kubwa ya mateso ya dunia hii ina mikono, ina majina, ina saa na tarehe. Kuyaweka yote juu ya mapenzi ya Mungu ni kumshuhudia Mungu uongo na kuwafutia watu hesabu yao. Hata ugonjwa wa mtoto wake ulikuwa na sehemu hiyo. Dawa ya haidroksiyurea ilionyeshwa kupunguza vipindi vya maumivu ya seli mundu kwa watu wazima katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995, na tafiti nyingine baadaye zikaonyesha manufaa kwa watoto. Binti wa Paje alizaliwa miaka 13 baada ya utafiti ule wa kwanza na akafa miaka 19 baada yake bila kupewa kidonge kimoja. Njia kati ya dawa na mtoto ilikuwa ya wanadamu tupu.

Ukishatoa sehemu ya wanadamu, kuna kinachobaki. Ile herufi moja ya damu hakuipanda mtu yeyote. Huko ndiko swali linakokuwa gumu kwelikweli, na mama hakukubali kudanganywa kwamba ni jepesi.

Miezi minne baada ya msiba alipanda daladala asubuhi kwenda mjini. Kutoka Paje ni mwendo wa kilomita 50 hivi, kupitia msitu wa Jozani ambako kima punju huvuka barabara. Alishuka Darajani, akatembea hadi Mkunazini, akaingia kanisa kuu la Anglikana. Alishapaona mara mbili tatu, sikukuu, kukiwa na watu wengi. Siku hiyo kulikuwa na watalii wachache nje, kwenye shimo lenye sanamu za watumwa waliofungwa mnyororo, kazi ya msanii wa Uswidi Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Ndani hakukuwa na mtu.

Mahali hapo palikuwa soko la watumwa. Juni 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga, na siku ya Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyelijenga ni Askofu Edward Steere, huyohuyo aliyeshughulikia tafsiri ya Biblia kwa Kiswahili cha Unguja, na amezikwa nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia. Watu walifungwa pale na kupigwa viboko mbele ya wanunuzi.

Mama alisimama ukingoni mwa duara, hakulikanyaga. Aliyajua yale yanayosemwa kuhusu mahali pale, kwa sababu ndiyo historia ya kwao. Mwaka 1876 Steere aliondoka Unguja na kundi la wanaume na wanawake waliotolewa utumwani, waliotaka kurudi makwao upande wa Ziwa Nyasa, na safari yao ikatua Masasi. Hao ndio walioanzisha kanisa ambalo lilibatiza ukoo wake. Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyeuzwa akaletwa Unguja, alisoma Kiungani, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ya Steere kupewa ukasisi, kisha akahudumu Chitangali, hukohuko kusini. Imani ya mama ilitembea kwa miguu kutoka kwenye duara lile.

Tangu utoto alifundishwa kuimalizia hadithi hiyo vizuri: kumbe Mungu aliruhusu utumwa ili Injili ifike Masasi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakuweza kuimalizia. Alimfikiria Swema, msichana wa Kiyao ambaye kisa chake kiliandikwa na wamisionari Wakatoliki wa Unguja katika miaka ya 1860. Swema alichukuliwa kwa ajili ya deni. Mama yake aliomba afuatane naye katika msafara, kwa hiari, ili asimwachie mtoto. Njiani mama aliishiwa nguvu, akanyimwa chakula, akaachwa nyuma afe. Swema alifika Unguja, akadhaniwa amekufa, akafukiwa mchangani akiwa hai, akaokolewa, akalelewa na watawa. Kisa chake husimuliwa kama ushuhuda wa rehema, na kweli rehema imo. Lakini Swema alipata kusimulia. Mama yake yuko wapi katika ushuhuda huo?

Katika kitabu cha Mwanzo, Yusufu anawaambia ndugu zake kwamba walimkusudia mabaya na Mungu akayakusudia mema. Wakristo hulipenda neno hilo na hulitumia ovyo. Aliyelisema ni yule aliyetupwa shimoni, baada ya miaka mingi, akiwa analia. Halikusemwa na wafanyabiashara waliomnunua, wala halikusemwa na mtu aliyekuwa amekuja kutoa pole na sahani ya pilau. Mama anaamini Mungu anaweza kuchimbua mema kutoka shimoni. Anakataa kwamba Mungu alilichimba shimo kwa ajili hiyo, na anakataa kwa nguvu zaidi kwamba mtu mwingine amchagulie siku ya kulisema neno la Yusufu. Yeye bado hajalisema. Huenda hatalisema.

Alichokiona Mkunazini ni mahali madhabahu ilipowekwa. Steere angeweza kujenga kando, penye uwanja safi. Madhabahu iliwekwa karibu kabisa na mahali pa mti wa kuchapia, na ndani ukatundikwa msalaba wa mbao iliyotoka kwenye mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari Livingstone. Pale palipofungwa watu na kuchapwa, huwekwa mkate na divai na kutajwa mtu mwingine aliyefungwa na kuchapwa, akatundikwa, akalia kwa sauti akimuuliza Mungu kwa nini amemwacha. Swali la mama limo ndani ya kinywa cha Kristo mwenyewe, na mbingu haikulijibu saa ile. Mkristo anadai jambo zito kuliko maelezo: kwamba Mungu alikuja akalala chini ya uzito uleule, na kwamba kaburi halikumshinda. Akielekea kwenye kaburi la Lazaro, Injili inasema, Yesu alilia. Alikuwa anajua atamfufua baada ya dakika chache. Alilia hata hivyo.

Hapo kando ya duara mama aliomba kwa sauti. Ilikuwa zaidi ugomvi kuliko sala. Mlinzi wa kanisa alichungulia mlangoni, akamwona, akarudi nje akaufunga mlango taratibu ili watalii wasiingie. Alipomaliza ilikuwa saa nane mchana, na daladala za kusini zinajaa mapema.

Hakurudi Paje akiwa amepona. Miaka miwili alishindwa kuimba tenzi za mazishi. Mpaka leo akiona kaa mdogo anakimbilia tundu hugeuza uso. Lakini aliacha kupekua nyumba akitafuta kosa lake, na akaacha kumsemea Mungu kwenye misiba ya watu.

Mwaka 2019, wakati wa kaskazi, mwanamke kijana wa mtaa wa pili alijifungua mtoto aliyeishi usiku mmoja. Bi Mkubwa magoti yalikuwa yameshamkatalia kushuka baharini, akamtuma mama atangulie na birika la chai. Mama alikuta chumba kimejaa wanawake na pole na subira. Akatafuta nafasi ukutani, karibu na miguu ya mzazi, akakaa. Siku hiyo hakusema neno, wala kesho yake. Siku ya tatu bamvu lilianza. Asubuhi, wenzake walipokuwa wanakunja mikeka, alimwinamia yule kijana akamuuliza kamba zake ziko upande gani.

"Kule kwenye ngalawa iliyovunjika, dada. Kamba kumi na nne."

Mama akajifunga kanga ya pili kiunoni, akachukua kapu la mbegu mlangoni, akashuka kuwahi maji.